Skafu Shingoni mwa Neville

Wiki iliyopita, msomaji, tuliachana wakati glasi ya bia ikiwa njiani kutoka mezani kwenda mdomoni mwa Barrie Ormerod. Glasi hiyo haikufika.

Ilisimama hewani. Bia ikamwagikia goti lake bovu, lile lililopasuliwa mwaka jana, naye hakuhisi kitu.

Kwenye televisheni kubwa ya baa ya Noreen, kamera ilikuwa imewaonyesha mashabiki wa Harbeck waliosafiri hadi London kuitazama timu yao ikicheza na Fulham. Katikati yao alikuwapo Lorraine, mke wa Barrie. Ni Lorraine yuleyule aliyeondoka alfajiri akisema anakwenda Blackpool kumwangalia dada yake mgonjwa. Macho yake yalikuwa yamefumbwa. Mikono iliyomkumbatia ilikuwa ya Neville Shuttleworth.

Harbeck ilikuwa imefunga bao, na katika baa hakuna aliyeshangilia.

"Yule si..." alianza Wilf Clegg, rafiki wa Barrie tangu shule ya msingi.

"Nyamaza, Wilf," alisema Noreen mwenye baa.

"Nimesema tu kwamba yule si..."

"Nimekwambia nyamaza!"

Lakini Barrie hakuwa akilitazama kumbatio. Alikuwa akiitazama shingo ya Neville.

Shingoni mwa Neville palikuwa na skafu nyekundu na nyeupe. Ilikuwa imechakaa, na karibu na nyuzi za mwisho ilikuwa na tundu dogo la moto. Tundu lile lilitokana na sigara ya marehemu baba yake Barrie, siku Harbeck ilipopanda ligi kuu. Tangu siku hiyo skafu haikufuliwa. Haikupaswa kufuliwa. Ilinuka mvua, pai ya nyama na tumbaku ya mzee, na Barrie aliamini kwa moyo wake wote kwamba harufu ile ndiyo iliyoizuia Harbeck kushuka daraja.

Lorraine alikuwa ameomba kuifua mara nyingi. Ngozi yake humwasha kwa manukato ya aina yoyote, ndiyo maana nyumbani mwao hutumika sabuni isiyo na harufu. Kila alipoomba, Barrie alimjibu kama mtu aliyeombwa auze figo. Asubuhi hiyo skafu ilitakiwa kuwa kabatini, chini ya soksi.

"Skafu yangu," alisema Barrie.

Wilf alimgeukia. "Mkeo kakumbatiwa na mwanamume mbele ya nchi nzima, na wewe unaulizia skafu?"

"Mke anaweza kuwa na maelezo," alisema Barrie. "Skafu haina miguu."

Kabla hajaiweka glasi, mambo yaligeuka uwanjani. Refa aligusa sikio lake. Waamuzi wa video walikuwa wakiliangalia bao upya. Kisha mkono wa refa ukapanda: mshambuliaji alikuwa ameotea. Bao likafutwa.

"Ah! Ukucha!" alipiga kelele mtu mmoja kaunta. "Ameotea kwa ukucha!"

Wilf hakulalamika. Alikuwa ameshachukua rimoti.

"Hebu tuangalie marudio," alisema.

"Ya bao?" aliuliza Noreen.

"Ya mke."

"Wilf Clegg, una roho mbaya."

"Wao wana video yao, na sisi tuna yetu."

Picha ilirudi nyuma. Lorraine akatokea tena, akakumbatiwa tena, akafumba macho tena. Barrie alitaka kutazama kwingine, lakini shingo yake ilikataa.

"Kukumbatiana kwenye bao si kosa," alisema Noreen, naye alisema kwa upole, kwa sababu alimpenda Lorraine. "Siku tulipowafunga Everton nilimbusu muuza pai. Hata jina lake silijui mpaka leo."

"Sawa, mama. Nakubali." Wilf alisogea hadi kidole chake kikagusa kioo. "Lakini hapa bao limeshafutwa. Tazama. Huyu kashika kichwa. Huyu anamtukana mshika kibendera. Yule mnene kakaa chini kabisa. Sasa niambie, hawa wawili bado wanashangilia nini?"

Katika bahari ya watu waliovunjika moyo, Lorraine na Neville walikuwa bado wamekumbatiana.

"Labda hawajaona," alisema Noreen.

"Uwanja mzima umeona!"

"Zima," alisema Barrie.

Wilf hakuzima, ila aliirudisha mechi ilipokuwa. Kila mtu alijifanya anatazama mpira.

Barrie hakuona mpira. Aliona meza ya nyumbani kwake, asubuhi moja ya mwezi wa kumi na moja, baada ya Harbeck kufungwa mechi ya nne mfululizo. Yeye alikuwa akimlaani kocha Vidigal, kama alivyomlaani kila asubuhi. Lorraine, aliyekuwa akipaka siagi kwenye mkate, akasema bila kuinua kichwa: "Mpe muda. Timu hujengwa kutoka nyuma."

Barrie nusura apaliwe na chai. Mwanamke huyu kwa miaka ishirini na sita hakuwa na neno la kusema juu ya mpira, isipokuwa kuuliza utaisha saa ngapi. Na maneno yale Barrie alikuwa ameshayasikia mahali. Yalikuwa maneno ya Neville. Neville aliyasema kila Jumapili katika baa hii hii, kwa sauti ile ya kusoma taarifa ya habari, huku akikunja kola ya koti lake lenye manyoya.

Barrie alikuwa ameikuta fikra ya mwanamume mwingine kinywani mwa mkewe, kama mtu anayeikuta kofia ngeni kwenye msumari wa nyumba yake.

Na huyo Neville alikuwa nani? Mwanamume aliyefiwa na mke, aliyehamia Harbeck kutoka Leeds miaka mitatu tu iliyopita. Leo alikuwa msimamizi wa basi la mashabiki. Ndiye aliyejua nani anakwenda wapi. Alisema Vidigal hatafukuzwa, na Vidigal hakufukuzwa. Alisema Brodie, mshambuliaji wao, ahamishiwe kushoto. Barrie alisema Brodie ni wa katikati na anayesema vinginevyo akapimwe macho. Mjadala huo ulikuwa umeigawa baa kwa msimu mzima, na jambo lililomuuma zaidi Barrie ni kwamba watu walikuwa wakihama upande wake mmoja mmoja.

Sasa alijiuliza kama mkewe naye alikuwa amehama.

"Barrie," alisema Wilf ghafla. "Huyu dada yake Lorraine. Beryl. Anaumwa nini hasa?"

"Mgongo."

"Tangu lini?"

"Tangu Newcastle."

Barrie, kama kila mtu katika baa ile, hakuhesabu siku kwa kalenda. Alizihesabu kwa mechi.

"Na kabla ya hapo?"

"Alianguka ngazini siku ya Brighton. Mafua makali ilikuwa Southampton."

Wilf aliiweka glasi yake chini taratibu. "Ndugu yangu. Tukicheza nyumbani, Beryl huwa anaumwa?"

Barrie aliipitia ratiba yote kichwani, mechi kwa mechi.

"Huwa mzima kabisa," alisema.

"Kumbe ugonjwa wake ni wa ugenini tu!"

Watu wawili walicheka, wakajutia.

"Na tiketi kazipata wapi?" Wilf hakuweza tena kujizuia. "Mimi mwenyewe sipati. Tiketi za ugenini wanapewa kwanza wanaosafiri kila mara. Ukikaa nyumbani, unarudi mkiani mwa foleni. Shemeji hajawahi hata kuwa kwenye foleni! Basi yupo aliyempa nafasi. Na mgawaji wa tiketi na nafasi za basi ni nani?"

Jina halikuhitaji kutajwa.

Barrie alichukua simu. Sauti ilitoka tulivu.

"Mpenzi. Uko wapi?"

"Kwa Beryl." Nyuma yake maelfu ya watu walikuwa wakiimba wimbo wa Harbeck.

"Kelele gani hizo?"

"Televisheni. Beryl anaangalia mpira."

"Beryl? Anaangalia mpira?"

"Siku hizi anaupenda."

"Na anauonaje?"

Lorraine akasema, na Barrie alisikia kabisa kwamba hakuweza kujizuia: "Anasema Brodie angepangwa kushoto tangu mwanzo."

Simu ilikatika. Dakika chache baadaye, Vidigal alimhamishia Brodie kushoto. Mpira ukatoka nyuma, kwa beki hadi kiungo, kwa kiungo hadi winga, ukamfika Brodie kulekule kushoto. Akaupiga mara moja. Bao! Hili halikuwa na ukucha wala kidole.

Baa ililipuka. Meza zilisukumwa. Noreen alilia. Wilf alimrukia Barrie na kumbusu juu ya upara.

Barrie hakusogea. Mpira ulipokuwa hewani, moyo wake ulikuwa umesema neno moja: *gonga mwamba*. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alikuwa ameiombea Harbeck ikose. Alijiona kama msaliti aliyeketi katika kiti cha baba yake.

Kamera iliwarudia mashabiki. Hakuna mtu katika baa aliyemtazama Brodie. Wote waliwatafuta wale wawili, na wakamwona Neville peke yake, ameishika skafu kwa mikono miwili, anaizungusha juu ya kichwa chake.

"Nitamsubiri hapa," alisema Barrie.

Basi la mashabiki huwashusha abiria wake mbele ya baa ya Noreen. Jioni ile, jua likiwa halijazama bado, wateja wote walitoka nje kuvuta sigara. Walitoka hata wale ambao hawajawahi kuvuta sigara maishani.

Lorraine alishuka wa nne. Alimwona mumewe, akawaona wavutaji, akaelewa.

"Beryl hajambo?" aliuliza Barrie.

"Barrie, si hapa."

"Hapa ndipo penyewe. Tumewaona wote. Mmetoka kwenye televisheni, mke wangu. Wilf amewarudia mara sita."

"Mara tano," alisema Wilf.

Neville alikuwa ameshuka nyuma yake. Alisimama wima, viatu vinang'aa, skafu shingoni.

"Bwana Ormerod," alisema, "naona ni vizuri tukae ndani tuzungumze kistaarabu."

"Wewe vua kwanza kitu changu."

"Mpe, Neville," alisema Lorraine. "Nilimwazima mimi, Barrie. Upepo wa mtoni pale uwanjani ulikuwa mkali, naye ana kifua."

"Ana kifua? Ana manyoya mpaka masikioni!"

Mtu mmoja alikohoa kwa kicheko. Neville aliivua skafu, akaikunja, lakini hakuitoa bado.

"Na kumbatio?" aliuliza Barrie. "Bao lilishafutwa, Lorraine. Watu wote waliachana. Nyinyi mlibaki."

"Nilifumba macho. Sikumwona refa."

"Na yeye?"

Lorraine alimgeukia Neville, kana kwamba swali hilo hakuwahi kulifikiria. Neville alikuwa akivitazama viatu vyake.

Wilf akanong'ona, "Huyo alimwona refa."

"Wewe Wilf, nenda zako!" Lorraine aliwaka, na alipowaka, wavutaji wote walirudi hatua nyuma. "Barrie, mnataka kujua tiketi imetoka wapi? Najua hilo ndilo mnalonong'ona. Tiketi ni yako."

"Yangu?"

"Nafasi yako. Uliapa mbele ya baa hii kwamba hutapanda basi mpaka Vidigal afukuzwe. Kila mtu alikuamini isipokuwa mimi. Mimi nalijua goti lako. Huwezi kukaa saa nne ndani ya basi, na huwezi kukiri. Ungebaki nyumbani msimu mzima, na nafasi aliyokuachia baba yako ingekwenda. Miaka yake yote ya kusafiri, kwa sababu ya kiburi! Basi nikaenda mimi, kwa jina lako, kila ugenini. Neville alijua. Alinyamaza kwa sababu nilimwomba."

Barrie aliliangalia goti lake, kana kwamba ndilo lililomchongea.

"Timu iko nusu fainali ya kombe," aliendelea Lorraine. "Wembley. Nafasi yako ipo. Daktari anasema kufikia siku hiyo utaweza kukaa. Nilitaka kukushangaza."

"Ulifanya yote haya kwa ajili yangu?"

"Mwanzoni."

"Mwanzoni?"

"Southampton na Brighton nilikwenda kwa ajili yako." Sauti yake ilishuka. "Kuanzia Newcastle nilikwenda kwa ajili yangu. Nimeupenda, Barrie. Umenisimulia mechi miaka ishirini na sita. Kila bao, kila refa mwizi. Hukuwahi hata siku moja kuniuliza mimi naonaje. Ndani ya basi lile niliulizwa siku ya kwanza."

Hakusema nani aliyemuuliza. Barrie alipigwa na neno hilo kuliko alivyopigwa na kumbatio. Wivu wake ulikuwa umejiandaa kwa mikono, midomo, na vyumba vya hoteli. Haukuwa umejiandaa kwa swali moja dogo ambalo yeye mwenyewe angeweza kuliuliza wakati wowote, akiwa amekaa na mkate mkononi.

Wavutaji wote walikuwa wakisikiliza.

"Lorraine," alisema Barrie. "Leo. Umeonaje?"

Lorraine alimtazama, kuona kama anamdhihaki. Kisha uso wake ukafunguka.

"Tumeshinda kwa bahati," alisema. "Beki wetu wa kulia anapanda bila kuangalia nyuma. Brodie kushoto ni sawa, lakini hatutafika mbali na beki yule. Ningemweka benchi."

"Sikubaliani kabisa," alisema Neville. "Beki yule ndiye roho ya mfumo."

"Najua hukubaliani, Neville. Unakosea."

Msomaji, katika maisha yake yote Barrie Ormerod hakuwahi kumpenda mtu kama alivyompenda mkewe dakika ile. Fikra ile ilikuwa yake mwenyewe. Haikuwa ya Neville. Hapakuwa na kofia ngeni kwenye msumari. Alicheka kwa sauti, akaunyoosha mkono, na Lorraine akaupokea. Noreen alifuta macho kwa aproni.

"Haya, bwana," Barrie alimwambia Neville, sasa kwa ukarimu wa mshindi. "Nipe skafu yangu, tuingie ndani. Nakununulia bia."

Neville aliitoa skafu. Aliitoa polepole, kama mtu anayeagana nayo.

Barrie aliizungusha shingoni, akavuta nyuzi zake hadi puani, kama alivyofanya kila wiki tangu baba yake afariki. Alivuta pumzi ndefu. Alingoja mvua, pai, tumbaku.

Hakuna kilichokuja.

Kilichokuja ni maua. Yalikuwa maua matamu, mazito, ya sabuni ya manukato, ile ambayo haijawahi kuvuka mlango wa nyumba ya Ormerod kwa sababu ingeuchubua mwili wa Lorraine kabla ya chai ya jioni.

Alinusa tena. Kisha akanyoosha shingo kidogo, kuelekea kwenye kola ya manyoya ya Neville, akanusa huko pia.

Ilikuwa harufu ileile.

Mkono wa Lorraine ulikuwa bado ndani ya mkono wake. Barrie hakuuachia, ila aliacha kuubana.

"Nina swali moja tu," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Skafu hii imefuliwa. Nani ameifua?"

"Mimi," alisema Lorraine.

"Mimi," alisema Neville.

Walisema kwa pamoja, kama mabeki wawili wanaoukimbilia mpira mmoja. Na mpira ukapita katikati yao.